Sinema ya mji mdogo ni ya nani? Namjibu mwalimu wa Kondoa

Mwalimu mmoja wa sekondari wa Kondoa mjini kaniandikia, barua yake ndefu nimeipunguza: "Shikamoo mzee. Nimesoma mahali kwamba Scotland kuna kamji kadogo ambako wananchi wenyewe ndo wanamiliki jumba la sinema na linafanya kazi mpaka leo. Ni kweli au mbwembwe za mtandao? Na huku kwetu zile sinema wanazotusimulia wazazi zilikufa kwa sababu gani, ni TV? Nauliza kwa sababu tuko watu kama thelathini hapa mjini, walimu, manesi, wafanyabiashara wawili watatu, tumeanza kuchanga tuanzishe ya kwetu. Kuna wanaosema tununue projekta kwanza, mengine yatafuata."

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho manake ndo lina haraka: projekta msinunue. Hela kama mmeshachanga iacheni palepale benki, na kama kuna mtu ameshatumwa Kariakoo kuulizia bei mpigieni simu arudi na nauli yake. Nitakwambia kwa nini, ila itabidi nizunguke kidogo, nipite Scotland, nipite reli ya kati, ndo nirudi Kondoa, kwa hiyo kaa vizuri.

Ni kweli, si mbwembwe. Mji wenyewe unaitwa Campbeltown, uko kule mwishoni kabisa mwa rasi ya Kintyre, magharibi ya Scotland, watu wake hawafiki hata 5,000. Ukitoka Glasgow kwa gari ni masaa matatu na zaidi, barabara inazunguka maghuba ya bahari kona baada ya kona. Zamani ulikuwa mji wa wiski na samaki, viwanda vya wiski vilikuwa zaidi ya 20, juzijuzi hapa vilikuwa vimebaki vitatu. Yaani ni mji ambao siku zake nzuri zimeshapita, wengi mnaujua wa namna hiyo. Jumba lao la sinema linaitwa Campbeltown Picture House, lilifunguliwa tarehe 26 Mei 1913, mchora ramani alikuwa Albert V. Gardner wa Glasgow, likiwa na viti 640. Miaka ya 30 wakamwita Gardner yuleyule alikarabati, akafanya kitu ambacho mimi kila nikikiona kwenye picha nacheka peke yangu: kulia na kushoto kwa skrini akajenga vijumba viwili vya plasta, vina mapaa na madirisha kama nyumba za kweli, na dari akalifanya anga la usiku. Wewe umekaa ndani, nje mvua ya baharini inapiga, lakini unaona kama uko uwanjani kwa jirani unaangalia picha jioni. Wenyeji wanaita Wee Picture House, hiyo "wee" ni Kiskoti cha kadogo.

Sasa sikiliza hapa. Katikati ya miaka ya 80 jumba lile lilifungwa. Watu wana TV nyumbani, wana video, tiketi haziuziki, jengo linavuja, mwenyewe kachoka. Mwaka 1986 hivi. Ungekuwa Dodoma au Tabora au Singida mwaka huohuo ungesikia maneno yaleyale, neno kwa neno. Ugonjwa ulikuwa mmoja na miaka ileile, wao wakapona sisi tukazika. Kwa hiyo anayekwambia ni TV tu muulize TV ya Scotland ilikuwa na huruma gani.

Walichofanya ni hivi: wananchi walianzisha kampuni ya jamii, Campbeltown Community Business, ikalichukua jumba, ikachangisha, na mwaka 1989 picha zikarudi ukutani. Viti wakapunguza mpaka 265, na mimi hicho kitu huwa nawasifia kuliko hata kile cha kuchangisha, manake ukumbi wa watu 640 wakikaa 60 unatia huzuni, hata picha ya kuchekesha watu wanaogopa kucheka, ila watu 60 kwenye viti 265 bado wanasikiana. Wakaendesha hivyo, wafanyakazi wachache na wengine wa kujitolea, miaka inaenda. Baadaye jengo likazeeka kwelikweli, likahitaji kufumuliwa, wakaomba fedha za urithi kutoka mfuko wa bahati nasibu ya taifa na kwingineko, kazi ikagharimu zaidi ya pauni milioni 3, mwishoni mwa 2017 wakafungua tena na kaukumbi kadogo ka pili pembeni. Sasa mwalimu, zile pauni milioni 3 hazikupewa projekta. Zilipewa chombo chenye jina, chenye hati ya jengo, chenye mahesabu ya miaka karibu 30 ambayo mtu yeyote angeyakagua. Wangeomba kama kikundi cha marafiki wenye mashine stoo wasingepata hata nauli.

Hilo liweke akilini, turudi kwetu.

Sisi sinema hatukuianza jana. Zanzibar walikuwa na Royal Cinema tangu 1921, jumba la maana. Huku bara ya kati kilicholeta picha ni reli. Reli kutoka Dar ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, na kilichopita kwenye reli ndicho kilichokuza miji yetu: chumvi, vitambaa, mafundi cherehani, wafanyabiashara wa Kihindi, halafu mikebe ya filamu. Wenye majumba ya sinema wengi walikuwa Wahindi wa mjini palepale, mtu ana duka la vitambaa mchana na usiku anakata tiketi. Vijijini watu waliona picha kwa njia nyingine, gari la sinema la serikali, lori linakuja na jenereta na kitambaa cheupe linafunga kwenye mti au kwenye ukuta wa shule, watoto wanakaa mbele na wengine nyuma ya kitambaa wakiona kila mtu anatumia mkono wa kushoto. Mchezo huo Waingereza walianza kuujaribu mapema tu, mwaka 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi umekaa Vugiri kule milima ya Usambara, wanatengeneza filamu za mafunzo na kuzitembeza kwa lori Afrika Mashariki. Na miaka ya 50 zilikuja za Kiswahili, ukimuuliza mzee wa miaka 85 atakwambia aliona Muhogo Mchungu, steringi wake ni Rashidi Kawawa, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri mkuu. Watu walienda kumwangalia mtu anayefanana na wao anaongea lugha yao. Nyinyi thelathini mkikaa kikao cha kuchagua picha za kuanzia likumbukeni hilo, msije mkafungua na mabomu ya Marekani ambayo kila kijana ameshayaona kwenye simu.

Mimi mwenyewe nilianza kubeba mikebe nikiwa darasa la sita, mji mmoja wa reli hapahapa kati, siutaji kwa sababu watu wenyewe bado wapo. Treni ikifika tunakimbilia behewa la mizigo. Filamu ya milimita 35 inapita picha 24 kwa sekunde, na reli moja ya filamu, nyie mngeita rola, ina futi kama 2,000, ambayo ni dakika 22 hivi. Sasa picha la Kihindi la masaa matatu linakuja kwenye rola nane au tisa, kila moja karibu kilo tano bila mkebe, na mikebe yenyewe ni ya chuma imebonyea kila upande. Nilikuwa nabeba miwili kichwani miwili mkononi naingia bure. Huo ndo ulikuwa mshahara.

Baadaye nikapanda chumba cha juu nikawa opereta. Mashine mbili zimesimama pamoja kama ng'ombe wa plau, hii ikikaribia kumaliza rola yake ile nyingine lazima iwe tayari inaunguruma. Opereta hatazami saa, anatazama pembe ya juu kulia ya picha, kunatokea kidoa cha duara, kinapita kufumba na kufumbua, hicho cha kwanza kinakwambia washa mota, baada ya sekunde kama saba kinakuja cha pili, hapo unafunga huku unafungua kule. Ukiwahi au ukichelewa watu wote wanajua. Na taa zetu hazikuwa balbu, zilikuwa fito mbili za kaboni, zinakaribiana umeme unaruka katikati, mwanga wake ukiuangalia macho wazi unaumwa usiku kucha. Zile fito zinaungua zinafupika, unazisogeza taratibu, ukisinzia kidogo tu skrini inaanza kuwa ya njano halafu kahawia na kule chini thadi klasi wanapiga mbinja, "Opereteee! Umelala na mkeo huko?" Mimi wakati huo hata sijaoa.

Nimekaa sana kwenye chumba kile nimeona picha zikiharibika kwa njia zote, ila kilichotuua hakikuwa kaboni. Kwenye sinema yetu mwenye jengo hakuwa mwenye mashine, mwenye mashine hakuwa mwenye filamu, na aliyekata tiketi hakuwa yeyote kati ya hao. Mwaka wa masika mazito, na wewe unajua huku kwetu masika mazito ni nadra ndo maana hakuna aliyejiandaa, bati tatu ziling'oka upande wa kushoto. Maji yakawa yanamwagikia viti vya katikati. Mwenye mashine akasema jengo si langu. Mwenye jengo akasema mimi napata kodi ndogo mno bati ninunue na nini. Anayeleta filamu akasema mimi nataka asilimia yangu, mvua hainihusu. Sisi tukatandika turubai, watu wakakaa kulia, yaani kwa miezi kadhaa ukumbi mzima ulikuwa umeegemea upande mmoja kama basi bovu. Bati tatu! Msimu uliofuata zikawa kumi na mbili, dari likaanza kudondoka, na huo ndo ukawa mwisho wake, saivi ni ghala. Rola zenyewe zilikuwa zikifika zimechanganywa, siku moja rola ya saba ilikaa kwenye mkebe wa sita, nami nikaifunga bila kuangalia, adui akauawa, tukaweka inayofuata adui yuleyule anakunywa chai. Watu wakadhani amefufuka, wengine wakaondoka wakisema picha hili ni la kichawi.

Sasa ukitoka kwenye kasinema kangu ukaangalia nchi nzima utaona ule mgawanyiko haukuwa wa kwetu peke yetu. Mwaka 1968 ilianzishwa Tanzania Film Company, na baadaye ndo ikawa mlango wa filamu za nje kuingia na kusambazwa, mwenye ukumbi hachagui tena kama zamani. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikachukuliwa na serikali, na sinema nyingi zilikuwa kwenye majengo ya namna hiyo, mtu aliyejenga akaamka mpangaji. Sisemi ilikuwa sawa wala haikuwa sawa, hiyo ni mada yake na ina watu wake wa kuigombania. Nasema tu kwamba mtu akishakuwa mpangaji hapaki rangi. Halafu ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika, lenzi hakuna, kaboni hakuna, tulikuwa tunaunganisha vipande vilivyobaki ili viungue mpaka mwisho. Miaka ya 80 katikati milango ya biashara ikafunguka, deki za video zikaingia. TV ya bara imekuja 1994, ITV na wenzake, na wakati huo sinema nyingi za mikoani zilikuwa zinakohoa tayari au zimeshazikwa. Zanzibar nao walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70 na majumba yao yakaendelea kuonyesha picha miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo TV ilimkuta mgonjwa kitandani, haikumwangusha barabarani.

Hapo katikati pakazaliwa banda umiza, na naomba msilidharau. Benchi, TV moja, deki, chumba chenye madirisha yaliyozibwa na magunia, shilingi kadhaa mlangoni, na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa video, anakutafsiria Kichina ambacho nina hakika alikuwa haelewi hata neno ila hadithi uliipata yote na utamu juu. Banda umiza lina kitu kimoja ambacho sinema yetu ya reli haikuwa nacho: mwenye banda, mwenye deki na mkata tiketi ni mtu mmoja. Bati likitoboka analiziba jioni hiyohiyo. Udhaifu wake ni huohuo pia, kijana akioa au akiumwa au akipata kazi Dodoma banda linaisha.

Nyinyi mnatafuta cha katikati, kitu chenye mwenyewe mmoja lakini huyo mwenyewe asiwe mtu anayeweza kuumwa. Ndo Campbeltown hiyo. Iko na njia nyingine ya Norway, kule sheria ya mwaka 1913 ilizipa halmashauri mamlaka ya kutoa vibali vya sinema, zikaona kumbe afadhali tuendeshe wenyewe, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya sinema za nchi ile zilikuwa mali ya manispaa. Unaweza kushawishika umpe mzigo huo Halmashauri ya Mji wa Kondoa. Maoni yangu, msimpe sinema, mwombeni ukumbi. Mkataba wa kupanga, wa maandishi, miaka kumi ikiwezekana, na ndani yake kuwe na mstari mmoja unaosema bati likivuja nani anaziba na ndani ya siku ngapi. Ukinisahau kwa yote niliyosema leo kumbuka mstari huo. Nimeona mikataba ya kurasa ishirini ina kila kitu isipokuwa bati.

Chombo chenyewe kiwe nini? Mko thelathini. Mkisajili kampuni ya hisa BRELA, kule kwa wasajili wa kampuni, ni haraka, lakini kwenye kampuni ya hisa kura inafuata hisa, hao wafanyabiashara wenu wawili watatu wakiamua kununua hisa za manesi waliobanwa na ada za watoto, baada ya miaka mitatu sinema ya wananchi ni ya mtu na shemeji yake. Ushirika ni mtu mmoja kura moja hata kama kaweka zaidi. Sheria inayotumika ni ya vyama vya ushirika ya 2013, na makao makuu ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika yako hapahapa Dodoma, kwa basi unaenda asubuhi unarudi jioni. Najua wazee watawatolea macho mkitamka neno ushirika. Wana haki, 1976 vyama vyao vilivunjwa kwa tamko, watu wakaamka hawana chama walichokichangia, mpaka sheria ya 1982 ndo vikaanza kurudi, na vingine vilivyorudi vikaliwa na waliopewa funguo. Kwa hiyo msijibishane nao, wapeni kazi. Chagueni wazee wawili wasio na ndugu kwenye kamati wawe wakaguzi wa daftari, na mauzo ya kila onyesho yabandikwe mlangoni kesho yake asubuhi kwa maandishi makubwa, tiketi ngapi, soda ngapi, hela kiasi gani. Hilo halina gharama na nakuhakikishia watu watasimama kulisoma kuliko hata bango la picha.

Hesabu yenyewe nimewapigia kidogo kwenye karatasi, namba ni za kukisia wewe weka zenu. Viti 80, tiketi 2,000, mmejaza nusu, mnaonyesha siku mbili kwa wiki. Hiyo ni 160,000 kwa wiki, 640,000 kwa wiki nne. Mwenye filamu mmekubaliana nusu kwa nusu, inabaki 320,000. Mlinzi, umeme, mfagiaji, kodi ya ukumbi, unabaki na hela ya soda. Ungekuwa umekopa projekta hapo ungekuwa umeshaanza kukimbia marejesho. Ndo maana ukumbi usiishi kwa picha peke yake, mchana uwe wa vikao, mahafali, semina, Jumamosi sherehe, na bisi na karanga ziuzwe na chama chenyewe msimpangishie mtu, manake tangu enzi zetu faida ilikuwa kwenye karanga. Tiketi ilikuwa inagawanywa kila upande, karanga hazigawanywi na mtu.

Na ratiba fuateni shamba, msifuate kalenda ya mjini. Desemba mpaka Aprili watu wako kwenye mahindi na alizeti na mfukoni hakuna kitu, hapo punguzeni maonyesho, fanyeni matengenezo, fungueni siku za sikukuu tu. Kuanzia Juni hivi mavuno yameshaanza kuuzika ndo mkaze. Siku ya mnada msiiache ipite hata kidogo, watu wametoka vijijini, wameuza mbuzi, wamekula nyama, jioni hawana pa kwenda mpaka usafiri wa asubuhi. Ukumbi wako uwe wazi saa kumi na mbili.

Vibali sitakaa sana, ni kero lakini vinapatikana. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976, Bodi ya Filamu ndo inakagua filamu na kuzipanga kwa umri, na eneo la kuonyeshea nalo linahitaji kibali. Hakimiliki iko kwenye sheria ya 1999, ofisi yake ni COSOTA. Mkitaka filamu za Kitanzania nendeni kwa mtayarishaji mwenyewe, wengi wanahangaika kupata mahali pa kuonyeshea nje ya Dar, ukimpigia simu ukamwambia tuna ukumbi Kondoa na mahesabu yanabandikwa mlangoni atakusikiliza. Flashi ya kupewa na rafiki msiingize ukumbini, ni wizi na ndo kitu cha kwanza watakachowafungia. Mpira pia, najua kuna mtu kwenye hao thelathini ameshasema Simba na Yanga zitalipa kila kitu, mwambie king'amuzi cha nyumbani ni cha nyumbani, kuonyesha hadharani kwa kiingilio kuna leseni yake, aulize kwanza.

Ndo sasa tufike kwenye projekta, mwishoni kama nilivyokwambia. Kule Marekani mwaka 2013 kuelekea 2014 kampuni kubwa zilianza kuacha kabisa kutoa filamu za 35, Paramount ilikuwa ya kwanza kati ya hizo kubwa, kila kitu kikawa diski ya kompyuta. Sinema za miji midogo zikaambiwa nunua mashine mpya ya makumi ya maelfu ya dola au funga. Nyingi zilifunga, na nyingine zikaokolewa na wenyeji kwa michango, na hapo ndo wengi wakaanza kusikia habari za sinema za wananchi. Filamu kwenye mfumo huo inakuja kwenye diski imefungwa, unatumiwa ufunguo wa kompyuta unaofanya kazi kwa mashine yako tu na kwa siku zilizoandikwa tu, ikipita saa moja picha haifunguki hata upige magoti. Nyinyi hamuhitaji hayo. Kwa filamu za nyumbani na ukumbi wa viti 80, projekta ya kawaida ya ofisini yenye lumeni 4,000 au 5,000, yaani kipimo cha mwanga wake, inatosha kabisa kwa skrini ya mita nne, ila ukumbi uwe giza kweli, si giza la pazia la kanga. Giza ni bei rahisi kuliko lumeni. Pakeni ukuta wa nyuma na dari rangi nyeusi isiyong'aa, skrini yenyewe ukuta laini uliopakwa nyeupe isiyong'aa nayo unatosha kwa kuanzia, na hapo watu wa Kondoa msione aibu, michoro ya Kolo iko kwenye mwamba miaka na miaka, UNESCO wameiandikisha 2006, kuangalia picha ukutani nyinyi mmetangulia dunia nzima.

Hela mtakayookoa kwenye mashine iende kwenye sauti na kwenye dari. Bati tupu la Kondoa saa tisa mchana linageuza ukumbi kuwa tanuri, na mvua ikipiga hamsikii hata risasi, kwa hiyo wekeni dari la chini hata la mkeka uliobanwa vizuri. Sauti, watu wanavumilia picha hafifu, sauti mbovu hawavumilii, mimi nilikuwa nazomewa kwa sauti mara tatu zaidi ya picha. Na vumbi lenu mnalijua, chujio la projekta lifunguliwe na kupulizwa kila wiki, kiangazi mara mbili, mpeni mtu mmoja kazi hiyo kwa jina na asaini daftari.

Mkipata ukumbi, kabla hamjalipa hata mwezi mmoja, ingia ndani saa saba mchana jua likiwa kali, funga milango yote, simama katikati, uangalie juu. Hesabu matundu ya mwanga kwenye bati. Halafu pima kutoka ukuta wa skrini mpaka ukuta wa nyuma, na upana, na kimo cha dari, unitumie namba hizo zote pamoja na idadi ya matundu, ndo nitakwambia mnunue projekta yenye lenzi gani.